Mlango wa Baba Mkwe

Jumatatu, 18 Machi

Mimi ni mke wa mtu! Naandika tena ili nilisome vizuri: mimi Mbeyu, msichana wa Wundanyi niliyekuwa nikiogopa hata kusalimiwa na wavulana wa kwaya, ni mke wa Mutunga tangu juzi saa sita mchana. Rita, rafiki yangu tangu kidato cha kwanza, ndiye aliyenipa daftari hili siku ya harusi. "Wengine wamekupa masufuria," alisema. "Mimi nakupa mahali pa kumwagia mapenzi, usije ukatumwagia sisi." Haya, Rita. Namwaga.

Mutunga ananukia ndizi mbivu. Kila Jumanne huenda Taveta kuchukua ndizi, na Jumatano hurudi nazo hapa Voi, sokoni. Harufu ile huingia kwenye shati, kwenye nywele, mpaka kwenye mto wetu. Leo nilizika uso wangu kwenye shati lake chafu kabla ya kulifua, nikakaa hivyo mpaka maji ya beseni yakapoa.

Jumatano, 20 Machi

Amerudi! Siku moja tu bila yeye na nilikuwa nimesahau hata kupika. Wali uliungua. Akaula wote, akasema kwa Wakamba wali usioungua hupewa wagonjwa tu. Nampenda mpaka naona haya kuandika.

Ijumaa, 22 Machi

Sasa niandike juu ya baba mkwe wangu, Mzee Kituku. Tunaishi naye kiwanja kimoja na sijawahi kumwona uso.

Sisi Wadawida wa Taita tuna heshima zetu, lakini Wakamba wana kitu wanachokiita nthoni. Mke wa mwana na baba mkwe hawaingii chumba kimoja, hawapishani njiani, hawatazamani usoni. Na hasa, hasa, mmoja asimwone mwenzake akila au akienda chooni. Mama mkwe angekuwa hai ndiye angekaa katikati yetu, lakini Mama Kalondu alifariki miaka miwili iliyopita. Picha yake iko ukutani sebuleni, ananitazama kama anayetaka kunielekeza jambo.

Chumba cha Baba kiko ng'ambo ya uwanja. Jiko liko upande huu, na choo kiko nyuma ya jiko. Kila akitaka kwenda chooni lazima apite mbele ya mlango wa jikoni, nami ndiko ninakoshinda. Basi anachofanya ni hiki: anakohoa mara mbili kabla ya kutoka. Khu, khu. Nikisikia, nageukia ukuta mpaka nisikie mlango wa choo. Akirudi, tena khu, khu. Ninachomjua ni kikohozi, kofia ya kijani, na kisigino cha kushoto chenye ufa.

Mutunga aliponieleza haya alikuwa na uso wa mahubiri. Nikamwuliza, "Na nikisahau nikamwangalia?" Akasema, "Wewe hutaumia. Yeye ndiye atakayeumia."

Jumapili, 24 Machi

Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Katikati ya uwanja kuna mbuzi dume mwekundu aliyefungwa kwenye mti wa mwarobaini. Huyo ndiye wa kuondoa nthoni. Siku atakayochinjwa, Baba atanipa kipande cha nyama kwa mkono wake mbele ya jamaa, nami nitakipokea nikimtazama usoni, na kuanzia hapo nitakuwa binti wa nyumba. Ndivyo ifanyavyo familia hii. Lakini mpaka siku hiyo ifike, Baba anazungumza nami kupitia mbuzi!

"Wewe mbuzi," sauti ilitoka chumbani kwake asubuhi, "mwambie mwenye jikoni chai ya leo ilikuwa na tangawizi kama ya marehemu."

Nikageukia ukuta. "Mbuzi, mwambie Baba kesho itakuwa na zaidi."

"Mbuzi, mwulize kama huko Wundanyi hawajui sukari ni ya kutia, si ya kuonyesha tu."

"Mbuzi, mwambie Baba daktari alimkataza sukari nyingi. Mwanawe ameniambia."

Halafu, "Mbuzi, mwanangu ni msaliti."

Mutunga alikuwa amekaa kwenye ngazi akijishika tumbo kwa kicheko. Ndiye aliyempa mbuzi jina Spika, kwa sababu kila neno lazima lipitie kwake.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Spika angechinjwa leo, lakini Ndanu, dada yake Mutunga aliyeolewa Maungu, mtoto wake ana malaria, na bila Ndanu haiwezekani. Tumesogeza mbele wiki mbili. Nilimletea Spika maganda ya viazi nikamwambia amepona.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Mutunga yuko nyumbani kwa sababu sokoni ni matope matupu. Siku nzuri kuliko zote za maisha yangu.

Ijumaa, 12 Aprili

Sherehe ya kesho imeahirishwa tena, turubai la kukodi limechukuliwa na matanga ya watu wengine. Sasa ni Jumamosi tarehe 27. Baba amemwambia Spika, "Unaishi maisha ya mheshimiwa, unaahirishwa tu." Nikamjibu kupitia kwake kwamba hata mimi nimechoka kuzungumza na ukuta. Baba akasema polepole, "Mbuzi, mwambie mimi pia."

Jumatano, 17 Aprili

Bomba la mtaa wetu lilipasuka mafuriko yalipopita. Tunachota kisimani, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Watu watatu kule chini karibu na mto wamepelekwa kwenye hema la wagonjwa. Wanasema ni kipindupindu.

Ijumaa, 19 Aprili

Rita ni muuguzi sasa, na leo alikuja kanisani kwetu kufundisha mtaa mzima. Baba alitaka kwenda, lakini kanisa ni chumba kimoja na mimi nilikuwa nataka kwenda pia. "Mbuzi," akasema, "mwambie aende yeye. Amesoma. Atatueleza."

Rita alichora ubaoni ukuta wa utumbo, nikajiona nimerudi darasani. Seli zimepangwa kama matofali. Kila seli imefunikwa utando mwembamba wa mafuta, na chumvi haiwezi kupita kwenye mafuta. Kwa hiyo ndani ya utando ule kuna milango, milango ya protini, na mmoja ni wa kloridi. Kloridi ni nusu moja ya chumvi tunayokula, nusu ya pili ni sodiamu. Siku ya kawaida seli huufungua mlango wa kloridi kidogo tu. Kloridi inatoka kuingia utumboni, maji kidogo yanaifuata, utumbo unalainika, chakula kinapita. Kisha seli inasema basi, na mlango unafungwa.

"Kipindupindu hakivunji mlango huo," Rita alisema. "Kinatia sumu ndani ya seli, na sumu inakwamisha swichi. Swichi inabaki imewaka, mlango unabaki wazi. Kloridi inamwagika, sodiamu inaifuata, na chumvi ikienda, maji hayabaki nyuma. Hata lita moja kwa saa! Si chakula ulichokula hicho. Ni wewe mwenyewe unamwagika."

Mumo, jirani yetu fundi wa pikipiki, akanyoosha mkono. "Sasa nesi, si tumnyime huyo mtu maji ndiyo akauke?"

"Hapo ndipo mnapowaua watu wenu! Tangi likivuja na fundi hajafika, unaacha kulijaza?"

"Inategemea fundi ni nani."

"Kama ni wewe, tungoje Krismasi," Rita akasema, na kanisa lote likacheka.

Halafu akachora mlango wa pili, nami hapo moyo wangu ulisimama. Mlango huu unaingiza. Sodiamu ikija peke yake, haipiti. Sukari ikija peke yake, haipiti. Lazima zifike pamoja, ndipo mlango unageuka na kuziingiza zote mbili kwa mara moja, na maji yanazifuata ndani. Na sumu ya kipindupindu haiwezi kuugusa mlango huu. Ndiyo maana mtu hupewa pakiti ya chumvi na sukari katika maji safi. Nililia pale pale kwenye benchi. Hawaingii mpaka wawe wawili! Nilijiona mimi na Mutunga mlangoni pa kanisa lile lile. Rita akaninong'oneza alipopita, "Wewe utalilia hata kinyesi ukiambiwa kina mwenzake."

Baadaye nikimsaidia kufuta ubao nilimwuliza, na mlango wa kloridi ukikwama umefungwa je? Akasema wapo watoto wanaozaliwa hivyo, makohozi yao yanakuwa mazito kama gundi mpaka kifua kinaziba. "Ni mlango ule ule, Mbeyu. Ukikataa kufungwa unaua. Ukikataa kufunguka unaua."

Neno lake la mwisho kwa watu lilikuwa hili: mgonjwa akinywa maji ya pakiti bado ataendelea kuhara, wala msishtuke. Dawa haikaushi, inarudisha. Aendelee kunywa.

Nilipofika nyumbani Baba aliuliza, "Mbuzi, wamefunza nini?" Nikasema maji yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni. Hayo mengine yalinishinda. Mtu anamtamkiaje baba mkwe neno kuhara? Nitamwambia Mutunga amweleze.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua tangu asubuhi, tulikula mahindi ya kuchoma kitandani. Furaha yangu haina mahali pa kukaa. Kesho anaenda Taveta.

Jumatano, 24 Aprili, saa tano asubuhi

Baba ni mgonjwa. Tangu alfajiri nimehesabu vikohozi: khu, khu, mara sita kwenda chooni, na kila mara miguu inaburuta zaidi. Hakunywa chai. Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni, uso ukutani, nikasema, "Mbuzi, mwulize Baba kama tumbo linamsumbua."

"Mbuzi, ni kabeji ya jana tu. Mwambie aendelee na kazi zake."

Nilimpigia Mutunga. Amekwama mbele kidogo ya Salaita, maji yamekata barabara na malori yamepanga mstari. Nilimpigia Ndanu, simu yake imezimwa. Nikampigia Rita, akatuma pakiti kumi na mwendesha boda, na ujumbe: kikombe kila akitoka chooni, na zaidi. Akiacha kunywa usingoje, mleteni hemani.

Nimechemsha maji, nimeyapoza, nimepima lita moja kamili kwa jagi, nimekoroga pakiti. Nimeiweka kizingitini pake, nikabisha, nikakimbia jikoni.

Saa nane mchana

Jagi limerudi tupu! Limewekwa nje ya mlango, limefunikwa na sahani, kwa adabu yake. Nimeweka la pili. Tangu saa sita amekohoa mara mbili tu. Inapungua!

Nilimwomba Mumo aende amwone. Walizungumza mlangoni. Mumo akaja kuniambia, "Mzee amesema ni tumbo tu, na maji anakunywa. Alinifokea kidogo. Mtu anayefoka ana nguvu." Nikamwuliza amekaaje usoni. Akasema, "Alifungua kidogo tu, ndani kulikuwa giza."

Saa kumi na moja jioni

Jagi la tatu tupu. Lita tatu! Na tangu saa tisa sijasikia kikohozi hata kimoja. Rita alipitia akiwa anakimbilia kwingine, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alibisha kwa Baba, Baba akamjibu kwa ndani, "Nimepata nafuu, mwanangu, nimelala." Rita akaangalia majagi. "Kama anakunywa hivi, atapona. Unajua kuuguza, Mbeyu." Nilimpigia Mutunga nikamwambia. Alilia kwenye simu. Nimemwambia Jumamosi nitakula nyama kutoka mkononi mwa baba yake.

Spika ni mwendawazimu. Ameivuta kamba mpaka chini ya dirisha la Baba, na mchana kutwa anaramba ardhi na ukuta kama amepakwa asali. Nilimrudisha mara mbili. Nimemwacha.

Jumapili, 28 Aprili

Sikuweza kuandika. Naandika sasa kwa sababu nikiacha, nitaanza kuikumbuka kwa namna nyepesi.

Alhamisi niliamka kulipopambazuka. Nilikuja uwanjani na jagi jipya. Jagi la jana jioni lilikuwa kizingitini, tupu, limefunikwa na sahani. Spika alikuwa bado chini ya dirisha, akiramba. Nikasimama nikimtazama. Mbuzi haachi maganda ya viazi kwa ajili ya matope. Kuna kitu kimoja tu ambacho mbuzi atakiramba hivyo kutoka ukutani, na hata wa kwetu milimani tulikuwa tukimwekea kwenye jiwe siku za Jumapili.

Niliinama, nikagusa ukuta kwa kidole, nikaonja. Chumvi. Chumvi na utamu kidogo.

Lita nne, zote chini ya dirisha.

Nikaelewa yote mara moja, pale pale, na jagi mkononi. Kila alichokunywa kilimpeleka chooni. Na njia ya chooni ilipita mbele yangu. Mzee wa miaka sabini na moja, suruali imelowa, anaburuta miguu mbele ya mke wa mwanawe siku tatu kabla ya kumpa nyama. Akaona akiacha kunywa ataacha kutoka. Hakuna aliyemwambia kwamba sivyo. Aliyekuwa ameambiwa ni mimi, nami nilimwambia maji yachemshwe, mikono ioshwe.

Niligonga. Nilisema, "Baba." Sikumpitishia mbuzi. Hakujibu. Mlango ulikuwa na komeo ndani. Nilipiga yowe, Mumo akaja akiwa na taulo tu kiunoni, akaupiga bega mara tatu mpaka ukavunjika.

Chumba kilikuwa safi. Hilo ndilo linaloniua. Kulikuwa na ndoo pembeni, ameifunika na gazeti, na juu ya gazeti ameweka kitabu ili lisipeperuke. Sakafu ilikuwa imepanguswa kwa shati. Kofia ya kijani ilikuwa imetundikwa msumarini. Na yeye kitandani, mdogo, mdogo sana, macho yamezama kama mtu amesukuma kwa kidole gumba. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vyangu nikimaliza kufua mablanketi. Nilimshika ngozi ya mkono, nikaiachia. Ikabaki imesimama.

Aliponiona alivuta shuka akafunika uso.

"Usiniangalie," alisema. Haikuwa hata sauti, ni upepo. "Usiniangalie, mwiitu wakwa."

Binti yangu. Hayo ni maneno mawili ya kwanza aliyonipa bila kuyapitisha kwa mbuzi.

Nilimwinua kichwa, nikageuza uso wangu ukutani, hata wakati ule niliugeuza, Mungu wangu, nikamwekea kikombe mdomoni kwa kupapasa. Meno yake yaligonga kikombe. Na kwa mazoea, kwa wazimu, nikasema, "Mbuzi, mwambie Baba anywe." Alikunywa mafunda matatu. Niliyahesabu kooni mwake kwa kiganja.

Mumo alimbeba mgongoni mpaka kwenye tuktuk. Hemani daktari Crispus alitafuta mshipa mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mguuni, shingoni. Mishipa ilikuwa imelala. Alisema, "Jana hiyohiyo jioni ningeupata." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akijisemea huku akitafuta. Baba Kituku alifariki saa tatu na dakika ishirini asubuhi, sindano ikiwa bado mkononi mwa daktari.

Mutunga alifika alasiri. Alikuwa amevuka maji ya Salaita kwa miguu, matope mpaka kifuani. Alitazama mlango uliovunjika, akatazama ndoo, akatazama majagi. Nilimweleza yote, hata la kuonja ukuta. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja.

"Kwa nini hukuingia?"

Nilikuwa na jibu, jibu alilonipa yeye mwenyewe kwa uso wa mahubiri, lakini niliinama nikaokota majagi.

Ijumaa walimzika. Watu wa afya walikuja na mabuti na mabomba mgongoni, wakanyunyiza klorini kila mahali, mpaka mwarobaini. Mwili ulikuwa ndani ya mfuko uliofungwa. Hakuna aliyeruhusiwa kumwona, wala kupika, wala kulisha watu. Ndiyo maana Spika yuko hai. Jana, Jumamosi tarehe 27, alisimama uwanjani kutwa nzima akila majani ya mpapai.

Na jambo la mwisho. Baada ya maziko Shangazi Nzilani, dada mkubwa wa marehemu, alinishika mikono mbele ya wanawake wote. "Angalieni huyu," alisema, "msichana wa Kitaita, na amelelewa kuliko wa kwetu. Mpaka kwenye ugonjwa hakumvunjia mzee heshima." Wanawake wakaitikia. Ndanu akanibusu. Mimi nikasema asante. Nilisema asante!

Jumatano, 1 Mei

Mvua.

Jumamosi, 4 Mei

Rita alikuja. Alikaa jikoni bila kuvua begi. Alisema, "Niliona majagi matupu nikafurahi. Nimefundisha mitaa minane, na mimi nilisoma majagi." Hatukuweza kufarijiana. Tulikoroga chai mpaka ikapoa.

Jumanne, 7 Mei

Mutunga hakwenda Taveta.

Jumanne, 14 Mei

Hakwenda. Shati lake halina harufu ya kitu chochote.

Ijumaa, 17 Mei

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Huyo msichana wa Machi ningempiga kofi. Ameandika mapenzi, mapenzi, na katikati ya mapenzi ameandika, "Nitamwambia Mutunga amweleze," halafu mvua ikanyesha wakala mahindi kitandani. Nilikuwa na usiku wa Ijumaa, Jumamosi kutwa, Jumapili kutwa, Jumatatu kutwa. Neno lenyewe lina silabi tatu.

Nafikiri sana juu ya ile milango. Ndani ya Baba palikuwa na mlango uliokataa kufungwa, nao ni mdogo mpaka jicho haliuoni. Nje yake palikuwa na mlango wa mbao uliokataa kufunguliwa, nao niliupita mara ishirini kwa siku. Ule mdogo ulikuwa na dawa yake, nimeikoroga kwa mikono yangu.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua imekatika. Mutunga amehamia chumbani kwa baba yake. Hajasema amehama. Aliingia kupanga vitu vya marehemu, akatia komeo jipya mlangoni, na hakutoka kulala. Nilipombishia alisema, "Niko sawa, Mbeyu. Niache kidogo."

Alhamisi, 23 Mei

Naweka chakula kizingitini. Sahani zinarudi tupu. Ndanu alipiga simu, nikamwambia anakula. Akasema basi taratibu atarudi. Nilikuwa karibu kuamini.

Jumamosi, 25 Mei

Leo jua limewaka tangu asubuhi, ardhi ya uwanja imepasuka vipande vipande kama bisikuti. Saa nne nilipika chai ya tangawizi, sukari ya kutia, si ya kuonyesha. Niliiweka kizingitini pamoja na mkate wa kumimina, nikabisha, nikarudi jikoni. Baada ya muda nilisikia mlango. Kikombe kiko nje, tupu, kimefunikwa na sahani.

Kimefunikwa na sahani. Vile vile.

Sikukigusa. Nilizunguka nyuma ya chumba. Uwanja mzima ni mkavu, ila chini ya dirisha palikuwa na doa jeusi, bichi, na vipande vya tangawizi, na mkate uliolowa. Spika alikuwa ameshafika, kamba imenyooka nyuma yake, anaramba.

Nilisimama pale na mikono yangu miwili. Sijui ni kwa muda gani. Nilimsikia Mumo barabarani akimtania mteja. Niliwaza kwamba sasa nampenda Mutunga kama mtu anavyokipenda kitu kinachomwogopesha, na kwamba labda yeye hatanipenda tena, na labda ana haki. Niliwaza kumpigia Rita, kumpigia Ndanu, kumwita Mumo na bega lake. Kisha nikaona hao wote ni Spika tu.

Nilirudi jikoni nikamimina vikombe viwili. Nilivuka uwanja. Komeo jipya alikuwa ametumia misumari mifupi, na mbao ilishapasuka zamani. Sikubisha. Nilisukuma kwa bega, vikombe vikanimwagikia vidoleni, nikaingia.

Alikuwa amekaa sakafuni karibu na kitanda, amevaa kofia ya kijani. Ndevu zimeota. Macho yamezama. Aliinua mkono akafunika uso.

"Usiniangalie," alisema.

Nikaweka vikombe chini, nikakaa mbele yake, nikamwangalia.